Gia ya Pili

Mundhir wa Mabela alimwamkia kaka yangu,
akamkaribisha kahawa kaka yangu,
akampa ufunguo kaka yangu,
akamweleza kaka yangu habari za injini.
Azzan hajui hata baiskeli.
Mie nilisimama pale pale, leseni mkobani,
ina siku kumi na tisa,
niliyoipata kwa pikipiki ya shule
yenye sauti ya cherehani.

Hii haikuwa cherehani.
Buluu iliyoiva, injini ya lita nzima,
tangi limevimba kama shavu la mpiga zumari,
taa mbili za mbele zimekunja uso,
kiti cha nyuma kidogo, hata paka angeomba radhi.
"Kilomita elfu sita tu," akamwambia Azzan.
"Ilikuwa ikilala ndani, kama bibi harusi."

Nikachuchumaa.
Tairi halijui kupamba maneno.
Katikati limelika, bapa kama sahani,
pembeni bado lina vinyweleo vya kiwandani:
mwenyewe alijua kwenda moja kwa moja,
kona alizikimbia.
Na tarakimu nne ubavuni zikanihesabia
miaka saba ya jua la Maskati.
Nikabonyeza kwa ukucha. Gumu kama kwato.

"Anatafuta nini?" akamuuliza Azzan kwa Kiarabu.
"Muulize mwenyewe," Azzan akasema,
akachukua tende ya tatu.

Ndipo simu yake ikalia.
Akageukia ukutani, akashusha sauti,
akakiacha Kiarabu
kama mtu avuavyo kandambili mlangoni kwao:
"Mama, nambie. Eee, wapo hapa, mtu na dada yake.
Elfu moja na mia nne, watatoa inshallah.
Hapana, sijawaambia. Gia ya pili nitaisemaje, Mama?
Ikiruka, itaruka wakishafika kwao."

Bibi yetu alizaliwa Wete.
Nyumbani kwetu Al-Khudh twagombana kwa Kiswahili,
twaombana chumvi kwa Kiswahili,
na ndoto nikiota, zaja kwa lafudhi ya Pemba.
Azzan akatafuna taratibu.
Hakuniangalia; angecheka.

Nilingoja amalize sentensi. Adabu ni adabu.
"Nisalimie mama," nikamwambia.
"Na hiyo gia, huruka injini ikiwa moto
au hata asubuhi?"

Nimeona watu wakipauka.
Sijawahi kumwona mtu akapauka, akaiva kwa aibu,
kisha akaangua kicheko,
vyote kabla hajakata simu.
"Nani huyo?" mama akauliza hewani.
"Mnunuzi."
"Mtu wa wapi?"
"Wete!" nikajibu mwenyewe, kwa sauti.
"Mpunguzie!" simu ikasema.

Mia tisa. Matairi juu yangu.
Kahawa, safari hii, nilimiminiwa mie.

Shaji fundi kasema kifaa cha gia
chatoka Dubai, wiki tatu.
Nilingoja siku mbili.

Ijumaa alfajiri, njia ya Halban.
Ya kwanza. Kisha ya pili nikaipitia upesi
kama mtu apitavyo duka analodaiwa,
nikatua ya tatu, moyo u mdomoni.
Injini ikanibanika mapaja.
Ndani ya glavu, kiganja chote maji.
Nilijua: nikikunja kifundo cha mkono kidogo tu,
nusu ya kufungua mfereji,
barabara yote ingenirukia usoni.

Nikaenda arobaini.

Honi nyuma. Pikapu nyeupe ikanipita
na mbuzi saba, mmoja kageuka,
akanitazama akitafuna
mpaka vumbi likamfunika.
Nguvu za farasi mia na sabini chini yangu,
na mbuzi wako mbele.

Nikawaacha waende.
Mzunguko wa kwanza ulikuwa unakuja, mdogo, mviringo,
na sina njia ya kuupita moja kwa moja.
Pembeni mwa tairi jipya, vinyweleo vyote bado vimesimama.
Nikaegemea kidogo.
Kidogo tena.